Mata na Mishale: Uchaguzi Huanzia Kwenye Ncha

Mtu aingiapo katika nyumba ya makumbusho akaona uta umetundikwa ukutani, na chini yake mishale mitano au sita imepangwa kama kuni, hudhani kwamba uta ndio silaha yenyewe na mishale ni vyombo vya ziada tu. Mwindaji aliyekulia katika kazi hiyo hutazama kinyume. Kwake yeye uta ni mkono wa kurusha. Kinachomwua mnyama ni kile kilicho mbele kabisa ya mshale, ambacho aghalabu upana wake hauzidi vidole viwili. Na vitu vingine vyote huchaguliwa kwa kukifuata hicho kidogo.

Chukua mfano wa kijana amwendeaye mzee fundi wa mata.

"Shikamoo, babu. Nimekuja kutafuta uta."

"Marahaba, mjukuu wangu. Uta wa kumpiga nani?"

"Wa kuwindia tu, babu. Nautaka ule mkubwa."

"Mkubwa kwa kanga, au mkubwa kwa nyati?"

Kijana hana jibu, basi mzee hampi uta siku hiyo. Wala si uchoyo. Mzee ajua kwamba mnyama aliyechomwa vibaya akaponyoka ni hasara ya watu wengi. Mwindaji amepoteza mshale wake na nyama yake. Mnyama atakufa baada ya siku tatu mahali asipoonekana ila na fisi. Na kama ni nyati, atakaa kichakani na jeraha lake akimngoja mtu wa kwanza atakayepita, naye huenda akawa mwanamke aendaye kuokota kuni. Hasara hiyo yote yaweza kuwa imeanza siku vyombo vilipochaguliwa bila kufikiri.

Yafaa kwanza majina yakumbukwe, maana vijana wengi wa siku hizi husema "upinde na kamba" wakafikiri wamemaliza. Upinde huitwa pia uta, na ukiwa zaidi ya mmoja ni mata. Kamba yake ni upote. Kijiti cha mshale ni wano, chembe ya mbele ni kigumba, na mfuko wa kuchukulia mishale ni podo. Kiswahili kilikuwa na neno kwa kila kipande kwa sababu kila kipande kilikuwa na fundi wake na ugomvi wake.

Mahali ambapo uchaguzi huu waweza kuonekana hata leo ni kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini ya Tanzania, wakaako Wahadzabe. Ni watu wachache sana, wakadiriwa kuwa elfu moja na kitu, na baadhi yao wangali wakiishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Mwanamume wa Kihadzabe aendapo porini hana mshale wa namna moja. Anao wa ncha ya mti mtupu uliochongwa kwa kisu, kwa ajili ya ndege na wanyama wadogo. Huo ukipotea majanini hakuna wa kuulilia. Anao wa kigumba cha chuma kisicho na sumu, kwa wanyama wa kadiri. Tena anao wenye chuma na sumu kwa wanyama wakubwa, kama pundamilia na twiga. Chuma chenyewe mara nyingi ni msumari mnene uliopatikana kwa majirani, ukapondwa kwa jiwe au nyundo hata ukawa bapa. Hutumia saa nyingi kutengeneza mishale, wakiinyosha kwa moto na kwa meno, na kwa haki: uta mmoja hudumu siku nyingi, lakini mishale haina mwisho wa kutengenezwa.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba Mhadzabe hatii sumu kila mshale, ijapokuwa sumu ingeongeza nguvu. Kanga hahitaji sumu, na sumu ina gharama yake: ni lazima itafutwe, ipikwe, ilindwe na watoto, na ifunikwe isiharibike. Sumu zao hutoka katika mimea miwili. Mmoja ni ule mti wa shina nene na maua mekundu ambao wengi huuita waridi la jangwani. Wao sumu yake huiita panjube. Wa pili ni wa jamii ya mimea iitwayo na wataalamu Strophanthus, na sumu yake huitwa shanjo. Tena Wahadzabe hawawindi ndovu. Ncha yao haimfikii mnyama huyo ipasavyo, basi wanamwacha apite. Hiyo nayo ni sehemu ya kuchagua vyombo: kujua ni mnyama gani ambaye vyombo vyako havikuumbwa kwa ajili yake.

Upande wa Kenya, walioumba vyombo vyao kwa ajili ya ndovu walikuwa Waata, ambao wengine wamewaita Waliangulu na wengine Wasanye, wenyeji wa nyika zilizo nyuma ya Malindi na kando ya mto Galana. Sumu yao, kama ile ya Wakamba na Wagiriama, hutoka katika msunguti. Mti huu hauna sura ya kutisha. Majani yake hung'aa, maua yake yananukia vizuri, na matunda yake yakiiva sana huliwa na ndege. Vipande vya mti na mizizi hupikwa muda mrefu mpaka maji yawe mazito na meusi kama lami. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa aitwaye Arnaud aliitenga sumu yenyewe, ikaitwa uabaini kwa kufuata neno la Kisomali la sumu ya mishale. Kazi yake ni kuushika moyo. Baadaye waganga wa Ulaya waliitumia kwa kipimo kidogo sana kuwa dawa ya moyo huo huo. Ikiingia tumboni kwa njia ya chakula hufyonzwa kidogo tu, ndiyo sababu wawindaji waliweza kula nyama ya mnyama waliyemwua, baada ya kukata na kutupa sehemu iliyozunguka jeraha.

Binadamu si peke yake aliyevumbua matumizi ya msunguti. Yuko panya mmoja mkubwa wa Afrika ya Mashariki, mwenye manyoya marefu ya rangi nyeusi na nyeupe, ambaye hutafuna gamba la mti huu akajipaka mate yake yenye sumu katika manyoya ya ubavuni. Mbwa amwumaye huugua au hufa. Wataalamu walilieleza jambo hilo mwaka 2011, ingawa wanakijiji waliopoteza mbwa zao hawakuhitaji kungoja hata siku moja.

Basi mshale wa sumu huchaguliwaje? Sumu haipakwi kwenye makali. Hupakwa nyuma yake, katika shingo ya chuma, ili makali yafungue ngozi kwanza na sumu ifuate ndani penye damu. Kisha huzungushiwa utepe mwembamba wa ngozi, kwa sababu jua na mvua huidhoofisha, na kwa sababu mwindaji mwenyewe ana vidole. Utepe hufunguliwa mnyama akiisha kuonekana. Kadhalika kigumba hakifungwi kabisa katika wano, bali huchomekwa tu: mnyama akikimbia na kujisugua katika miti, wano huanguka, na chuma chenye sumu hubaki mwilini. Mwindaji huliokota wano lake, akatia kigumba kingine. Tena kila mwenye mishale alikuwa na alama yake aliyoichora, hata wakikuta ndovu amekufa mbali, hapakuwa na haja ya mabishano marefu juu ya pembe ni za nani.

Mtu aweza kuuliza: kama sumu ndiyo inayoua, kuna haja gani ya uta wenye nguvu? Kwa kanga na swala hakuna. Kwa ndovu iko, nayo si ya kuua bali ya kufika. Ngozi yake ni nene, na sumu iliyokwama katika ngozi ni sumu iliyopotea. Kwa hiyo Mwata alimnyatia mpaka akawa karibu sana, mahali ambapo mtu wa kawaida angekuwa tayari juu ya mti, akaulenga ubavu ulio nyuma ya mbavu, panapo ulaini zaidi, na uta wake ulipaswa kulizamisha chuma mpaka ndani. Nguvu ya uta ule ilianzia katika unene wa ngozi ya ndovu, na haikuwa majivuno ya mwenye uta.

Wawindaji wasiotumia sumu wana hesabu nyingine. Huko Marekani wako watu wengi ambao hata leo huwinda kulungu wa kwao kwa uta wa mti usio na magurudumu, wakiuacha ule wa magurudumu na waya uliobuniwa na Mmarekani Holless Allen katika miaka ya 1960. Sumu imekatazwa katika majimbo yao karibu yote. Mshale wao huua kwa kukata mishipa na kutoa damu, basi kigumba chao ni kipana, na makali yake hayana budi kuwa kama ya wembe. Kigumba butu husukuma mishipa kando badala ya kuikata, na mnyama huenda zake na jeraha lisilomwua upesi wala lisilopona. Mwenye kuchagua vyombo vya namna hii na asijue kunoa, heri anunue nyama sokoni.

Ncha ikiisha kuchaguliwa, wano lafuata, na hapo ndipo mafundi wengi wapya hushindwa, kwa sababu kosa la wano halionekani kwa macho. Upote uachiliwapo, mshale hauendi mbele umenyoka kama ufito. Upote huusukuma kwa nyuma kwa ghafula, ncha nzito ya mbele hukataa kuondoka mara moja, na wano hujipinda katikati. Hujipinda upande huu, kisha upande ule, likiuzunguka uta kama nyoka azungukavyo jiwe, halafu hunyoka likiwa angani. Wano likiwa gumu mno kwa uta ule, halijipindi vya kutosha, nalo hugonga mti wa uta likaenda kando. Likiwa laini mno, hutikisika njia nzima kama mkia wa samaki, na likifika kwa mnyama hufika kwa ubavu, nguvu zake zimekwisha. Au huvunjika mkononi, na vibanzi vyake vikauchoma mkono uliouchukua uta.

Ndiyo sababu haifai kuazima mishale ya jirani. Jirani mwenye uta wa nguvu ana mawano magumu. Yakitiwa katika uta laini yatakwenda kushoto siku zote kwa mtu apigaye kwa mkono wa kuume, naye atadhani macho yake ni mabovu. Tena ncha nzito hulifanya wano lijipinde zaidi, na kulifupisha wano hulifanya gumu. Kwa hiyo abadilishaye kigumba amebadilisha mshale mzima, hata kama hakuligusa wano. Mafundi wa porini hawakuandika kanuni hizo katika daftari. Walishika wano mbichi, wakalikunja taratibu kati ya mikono miwili, wakajua.

Uzito nao una neno lake. Mshale mwepesi huruka upesi na hupendeza kutazamwa; mshale mzito huenda polepole kidogo, lakini huchukua sehemu kubwa zaidi ya nguvu za uta, huingia ndani zaidi, na huufanya uta unyamaze. Kunyamaza si jambo dogo. Mshale wa uta wa kawaida huenda kama futi 150 kwa sekunde moja, na sauti ya upote huenda zaidi ya futi 1,100. Mnyama aliye yadi 20 mbele huisikia sauti kabla mshale haujafika hata sehemu moja ya tano ya safari yake, na akiwa mwenye hofu huinama au huruka. Uta wa kelele wenye mshale mwepesi waweza kushindwa na uta wa kimya wenye mshale mzito, ijapokuwa wa kwanza ndio unaoshinda katika michezo ya kulenga shabaha.

Juu ya manyoya hakuna maneno mengi. Yawe ya ndege mwenye ubawa mgumu, kama tai au kanga, yote ya mshale mmoja yatoke katika bawa la upande mmoja, ama la kushoto ama la kulia, ili yapinde njia moja na kuuzungusha mshale, na yasiloweshwe. Kigumba kipana chahitaji manyoya marefu zaidi, kwa sababu upana wa chuma mbele hushika upepo na kutaka kuongoza.

Upote wa zamani hutengenezwa kwa kano za mnyama, zilizochanwa nyuzi nyuzi zikasokotwa. Ni wenye nguvu mno ukiwa mkavu, lakini ukilowa hulegea na kurefuka, hata mwindaji wa mvua huwa na fimbo mkononi badala ya uta. Mahali penye unyevu nyuzi za mimea hufaa zaidi. Siku hizi wengi hutumia nyuzi za kiwandani, na hapo pana hatari isiyojulikana na watu: nyuzi mpya zisizonyumbuka hata kidogo huweza kuuvunja uta wa zamani. Upote wa kale ulinyumbuka kidogo na kumeza mshtuko. Upote mpya humrudishia uta mshtuko wote katika ncha zake mbili. Kwa sababu hiyo hiyo mtu asiuvute uta akauachilia bila mshale. Nguvu ambazo zingekwenda na mshale hazina pa kwenda, basi huurudia mti.

Sasa ndipo uta wenyewe huja. Mti wake huchaguliwa ungali umesimama, nao uwe umenyoka na usiwe na mafundo mengi. Wahadzabe hupenda mti waitao mutateko. Mahali pengi pengine pa Afrika ya Mashariki hutumiwa mkole, ambao wazee wanausifu kwa sababu hupinda bila kukatika. Upande wa uta uutazamao mnyama hunyumbuka na kutanuka kila uvutwapo, na upande umwelekeao mwenye uta hubanwa. Basi fundi huuchonga upande wake mwenyewe, lakini ule wa mbele huuondoa gamba tu na kuuacha. Akizikata nyuzi za mti upande ule, amekwisha kuandika mahali uta utakapovunjikia. Baada ya kuchongwa hukaushwa polepole kivulini na kupakwa mafuta. Ukaushwao juani kwa haraka hupasuka, na fundi aliyefanya hivyo huanza tena safari ya kwenda msituni.

Urefu ni jambo la mahali. Uta mfupi wapita vichakani bila kunaswa, lakini hukaza ghafula mwisho wa mvuto na hauvumilii kosa la vidole. Uta mrefu huvutika sawasawa tangu mwanzo hata mwisho, nao husamehe makosa, ila katika miiba ni adhabu.

Kisha nguvu. Nguvu ya uta hupimwa kwa uzito unaoweza kuuvuta upote mpaka mahali pa mwisho pa mvuto. Apendaye kujua aweza kuutundika uta kwa mahali pa kushikia na kuning'iniza mzigo katika upote. Debe la mafuta la zamani huchukua galoni nne, na galoni moja ya maji ina uzito wa ratili kumi. Basi debe moja la maji ni ratili 40, mbali na bati lenyewe, na ratili 100 ni kama kilo 45. Wamarekani wengi wa leo huwinda kulungu kwa uta wa ratili 50 hivi, yaani debe moja na robo. Mata makubwa ya Waata yalipita ratili 100, madebe mawili na nusu yakivutwa kwa vidole vitatu. Uzito wa namna hiyo wapatikana katika mata ya kivita ya Waingereza yaliyotolewa baharini katika jahazi Mary Rose, lililozama mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982. Nguvu za kuvuta uta kama huo hazinunuliwi. Hujengwa tangu utotoni, mwaka baada ya mwaka, kwa mata yanayokua pamoja na mtoto.

Kosa lililo kubwa kupita yote katika uchaguzi ni kuchukua uta uzidio nguvu za mwenyewe. Daktari mmoja wa California, Saxton Pope, alikutana na jambo hili kwa njia mbili. Mwaka 1911 alitokea katika mji wa Oroville mtu aliyeitwa Ishi, wa mwisho wa kabila lake la Yahi, akakaa katika jumba la makumbusho la chuo kikuu mpaka alipokufa kwa kifua kikuu mwaka 1916. Pope alikuwa mganga wake na rafiki yake, akajifunza kwake kupiga mshale. Ishi aliwinda kwa uta mfupi wa ratili 45 hivi na vigumba vya jiwe la kioo au vya chupa iliyovunjika, kwa sababu alijua kumkaribia mnyama kiasi kwamba zaidi ya hapo hakuhitaji. Pope alitaka wanyama wakubwa zaidi na wa mbali zaidi, akachonga mata marefu ya ratili 75 hivi. Mwaka 1925 alikuja Tanganyika pamoja na mwenzake Arthur Young kuwapiga simba kwa mishale isiyo na sumu. Walipata simba. Lakini pamoja nao alikuwako Stewart Edward White, mwandishi wa vitabu, amesimama tayari na bunduki yake. Bunduki ile nayo ni lazima ihesabiwe katika vyombo vyao, maana simba mwenye mshale mwilini angali ana muda wa kutosha wa kumfikia aliyempiga.

Uta ufaao ni ule ambao mwenyewe aweza kuuvuta polepole, akaushika umevutika huku mnyama akigeuka, kisha akaurudisha bila kupiga kama nafasi haikupatikana. Asiyeweza kuurudisha ataachilia tu, kwa sababu mkono umechoka, na mshale uliopigwa kwa uchovu hauchagui pa kuingia.

Katika Kenya maneno haya kwa watu wengi ni maneno ya ukumbusho. Hifadhi ya Tsavo iliundwa mwaka 1948 katikati ya nchi ambayo Waata waliwinda, na katika miaka ya 1956 na 1957 serikali ya wakati ule iliendesha msako mkubwa dhidi ya wawindaji wa pembe. Wengi wa mafundi hodari wa mata walifungwa gerezani. Mwaka 1960 ukaanza mpango kando ya mto Galana ili Waata wapate kuwinda kwa halali, lakini haukudumu. Tangu mwaka 1977 uwindaji wa wanyama umepigwa marufuku katika nchi nzima, na mtu aonekanaye na uta na mishale ya sumu porini hana cha kumwambia askari wa wanyama. Wahadzabe wana nafasi zaidi: mwaka 2011 baadhi yao walipata hati ya ardhi yao katika bonde la Yaeda, ingawa mashamba na mifugo ya wengine huzidi kuwasogelea.

Lakini ziko nyumba nyingi, Ukambani na Pwani, ambamo uta wa babu ungali juu ya dari pamoja na podo lenye vumbi. Mwenye nyumba asiutie upote na kuuvuta ili awaonyeshe wageni. Mti uliokauka miaka hamsini utavunjika usoni pake. Mishale iliyofungwa tepe za ngozi asiifungue, wala asiikwaruze kwa ukucha kuona kama ingali na kitu. Sumu ya zamani hupungua nguvu, lakini mishale ya makumbusho imepimwa baada ya makumi ya miaka ikaonekana ingali na sumu. Iwekwe katika sanduku lenye kufuli, na watoto waambiwe sababu. Kisha, akiwa na nafasi, avitazame vile vigumba kimoja kimoja pasipo kuvigusa: vingapi ni vya mti, vingapi vya chuma kitupu, vingapi vina tepe, na alama gani imechorwa katika kila kimoja. Atajua babu yake alikuwa akitoka nyumbani asubuhi kumtafuta nani.